Wimbo Uliofunguliwa kwa Hisani

Jumapili ya tarehe 26 Machi 2017, polisi walimkamata mkoani Morogoro msanii Emmanuel Elibariki, ambaye wapenzi wa muziki wanamjua kwa jina la Ney wa Mitego. Kosa lake lilikuwa wimbo. Wimbo wenyewe uliitwa "Wapo", na ulikuwa na siku chache tu tangu kutoka studio. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaupiga marufuku. Kesho yake, kabla watu hawajamaliza kuijadili habari ya kwanza, ikaingia ya pili iliyoizidi kwa ajabu: Harrison Mwakyembe, aliyekuwa ameshika Wizara ya Habari kwa siku chache tu, alitangaza kwamba Rais John Magufuli ameusikia wimbo huo na ameupenda, kwamba msanii aachiwe, na wimbo upigwe. Zaidi ya hayo Rais alikuwa na ushauri wa kisanaa. Wimbo ungenoga zaidi, alisema kwa kinywa cha waziri wake, lau msanii angewaongeza wengine katika orodha yake, kama wakwepa kodi na watu wa dawa za kulevya.

Kadhia hiyo ilizungumzwa sana, kisha ikasahauliwa upesi, kama zinavyosahauliwa habari nyingi zenye mwisho wa kufurahisha. Lakini yafaa irejewe na wapenzi wa ushairi, kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo fasihi ya pwani imelibeba kwa muda mrefu: utungo huwa huru lini? Je, ni pale mwenye nguvu anapoupenda, au pale ambapo hapana haja ya kumwuliza?

Maoni ya watu wa kawaida juu ya habari kama hii hugawika katika mafungu ambayo kila aliyekaa barazani anayafahamu. Wapo wanaoshukuru. Hao husema mkubwa ameonyesha kifua, kasikia ya kumsikitisha na hakukasirika, na kijana naye amshukuru Mola wake. Wapo wanaonuna. Hao huona kwamba vijana wamekosa adabu, kwamba wimbo si mahali pa kumsemea mtu mzima, na kwamba polisi walifanya lililo lao. Fungu la tatu hucheka. Kwao dunia ni vituko. Leo umefungwa, kesho umefunguliwa, na yote mawili hayana sababu inayoweza kuelezwa na mwenye akili timamu.

Maoni ya wanaonuna yanastahili kujibiwa kwa heshima, maana adabu si neno dogo kwa watu wa mwambao. Jamii iliyolea watoto wake kwa utenzi wa Mwana Kupona haiwezi kuambiwa kwamba adabu ni mambo ya kizamani. Ila adabu ina walimu wake, nao ni wazazi, walimu wa chuoni, majirani, na wasikilizaji wanaoinuka na kuondoka mtungaji anapovuka mpaka. Tungo mbaya huadhibiwa kwa kutoimbwa. Pindi kazi hiyo inapohamishiwa kituo cha polisi, hapana anayejifunza adabu. Watu hujifunza woga, na woga huvaa nguo za adabu hata ukadhaniwa ndio wenyewe.

Wanaoshukuru ndio wenye kuhitaji jibu refu zaidi, kwa sababu kosa lao ni la watu wema. Ili kuliona kosa hilo, hapana budi kuutazama wimbo wenyewe kwanza, jambo ambalo katika zogo lile halikufanywa sana.

Nguvu ya wimbo imo katika jina lake. Kiswahili kina njia tatu za kusema mtu yu mahali fulani. "Wako" huwaacha watu mbali, pasipobainika. "Wamo" huwatia ndani ya kitu. "Wapo" huwaweka mahali mahususi, karibu na macho ya msemaji. Kumwambia msikilizaji kwamba watu fulani "wapo", bila ya kumtaja hata mmoja, ni kumwachia yeye kazi ya kugeuza shingo na kutazama. Mshairi hajamshitaki mtu; aliyeshituka amejishitaki mwenyewe. Hii ni mbinu ya kale ya kijembe, inayofahamika vyema kwa kila aliyewahi kuona kanga ikivaliwa kwa makusudi mbele ya mtu maalumu, na mwenye kuvaa akaapa kwamba yeye kapenda rangi tu.

Udhaifu wa wimbo nao umo mumo humo. Orodha ni chombo chepesi. Jicho la msanii linahama upesi kutoka kwa mnafiki wa mtaani hadi kwa mkubwa wa ofisini, na dhambi ya jirani hutiwa katika mzani mmoja na dhambi ya dola. Lakini katikati ya orodha hiyo msanii anauliza jambo moja waziwazi: uhuru wa kusema ungalipo katika nchi? Hapo ndipo wimbo unapokuwa na uzito. Na ni swali lililopata bahati adimu ya kujibiwa papo hapo, tena mara mbili. Jumapili, polisi walijibu kwamba haupo. Jumatatu, Rais alijibu kwamba upo. Majibu hayo yalipingana katika kila kitu isipokuwa kimoja: yote mawili yalitoka juu, kwa amri, na hapana mahakama wala sheria iliyohitajika kuyatoa.

Ushauri wa Rais nao ni uhakiki, na wapasa kusomwa kama uhakiki mwingine wowote. Wimbo ulikuwa umewaelekezea kidole watu ambao msikilizaji angewaona kwa kugeuka. Mhakiki mkuu alipendekeza waongezwe wakwepa kodi na watu wa dawa za kulevya, yaani watu wale wale ambao serikali yenyewe ilikuwa ikipambana nao wakati huo. Lau ushauri ungefuatwa mpaka mwisho wake, wimbo ungebaki na mahadhi yake, mdundo wake na jina lake, lakini swali lingekuwa limegeuka tangazo. Kalamu ya kumwongezea mtungaji ubeti inaweza kuharibu shairi kuliko mkasi unaomkatia. Kilichokatwa huacha pengo, na msomaji huliona. Kilichoongezwa huziba pengo, na hapana anayeuliza palikuwa na nini.

Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Aprili 2017, msanii mwingine, Roma Mkatoliki, alichukuliwa pamoja na wenzake kutoka studio moja ya Dar es Salaam na watu wasiojulikana. Walionekana tena baada ya siku tatu. Wengi walizichukulia habari hizi mbili kuwa ni visa viwili tofauti, kimoja cha furaha na kimoja cha hofu. Lakini kwa mtu anayekaa na kalamu usiku, visa hivyo ni kimoja. Vyote viwili vilimfundisha kwamba kati yake na msikilizaji wake amesimama mtu wa tatu, ambaye huenda akacheka au akakasirika, na hapana ajuaye mapema litakalotokea.

Mtu huyo wa tatu si mgeni katika ushairi wa Kiswahili. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa yumo kifungoni na walinzi wamesimama mlangoni. Vyakula vizuri alivyoletewa na kijakazi kutoka kwa mama yake, walinzi walivila wenyewe. Basi Liyongo akatunga maneno, akamwimbia kijakazi ayafikishe kwa mama: aokwe mkate wa wishwa, na ndani yake itiwe tupa ya kukatia minyororo. Walinzi walilisikia kila neno wasielewe lolote. Mkate ulipokuja waliudharau, wakamwachia mfungwa. Kisha ikachezwa ngoma ya gungu, na katika kelele zake minyororo ikakatwa.

Kisa hiki kimetukuzwa kwa haki kama ushahidi wa uwezo wa fumbo. Lakini mara nyingi husahauliwa kwamba fumbo la Liyongo lilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kumtoa. Halikutungwa ili aishi kifungoni kwa raha. Wahakiki wengi, wa visiwani na wa bara, wamezoea kumsifu mshairi kwa kuficha, hata sifa ya kuficha ikawa kubwa kuliko sifa ya kusema. Mshairi anayesema kwa mafumbo kwa sababu mafumbo ni matamu anatumia hiari yake. Mshairi anayesema kwa mafumbo kwa sababu akisema wazi atapotea ni mtu aliyejeruhiwa, na kumpongeza kwa uzuri wa kovu lake ni dhuluma ndogo inayofanywa kwa nia njema.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliwahi kusema wazi. Mwaka 1968 aliandika waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi?, na kwa waraka huo akafungwa miaka mitatu, hadi mwaka 1972. Sikio la watawala safari hiyo lilielewa kila neno na halikupenda hata moja. Gerezani aliandika mashairi kwa siri, juu ya karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka katika kitabu, Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipewa tuzo ya fasihi iliyoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, kiongozi yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtungaji. Ikiwa kuachiwa kwa Ney wa Mitego ni habari ya ajabu, basi hii ni nduguye mkubwa.

Katika Sauti ya Dhiki limo shairi liitwalo "Jipu", na miaka mingi baadaye neno hilo lilipata maisha mapya ambayo mshairi hangeweza kuyatabiri. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2015, Tanzania nzima ilizungumza juu ya kutumbua majipu. Maana yake ilikuwa ni kuwaondoa kazini watumishi wabovu, na aliyetumbua alikuwa Rais. Sitiari ni moja, lakini anayeishika ndiye anayeipa maana. Katika shairi, jipu limo mwilini mwa anayesema. Maumivu ni yake, na yeye ndiye anayejua limeiva kiasi gani. Katika kauli ya serikali, mwili ni wa taifa na taifa limelala kitandani. Mwenye kujua jipu liko wapi ni daktari peke yake, na mgonjwa akisema panapomuuma ataambiwa anyamaze, hapo si jipu. Watu wengi waliipenda sitiari hiyo ya daktari, na si ajabu, kwa kuwa wizi ulikuwa umewachosha. Ilichukua muda kubaini kwamba katika sitiari hiyo hawakuachiwa nafasi nyingine ila ya kutumbuliwa au ya kupiga makofi.

Yupo mwingine wa kutazamwa, naye ni wa hapa Unguja. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, aliimba wimbo unaojulikana kwa jina la "Kijiti". Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Unguja ya zama hizo, ameeleza kisa kilichouzaa. Mwanamke mgeni aliuawa baada ya usiku wa starehe. Mwenye kutuhumiwa, ambaye ndiye Kijiti, akavuka bahari akaponyoka. Mahakama ya wakati wa Mwingereza, ikiwa haina wa kumhukumu, ikawageukia mashahidi, wakatiwa hatiani kwa sababu ya ulevi ulioletwa katika karamu. Muuaji yuko bara, aliyekuja kusema kweli yuko ndani.

Wimbo wa Siti ni maoni ya watu wa kawaida juu ya habari ya ajabu, hasa yale maoni ambayo mtu wa Ng'ambo angeyasema akirudi mahakamani jioni. Uzuri wake umo katika mpangilio. Mwimbaji hakufumba. Alilipanga tukio baada ya tukio, kama shahidi, akamwacha msikilizaji afike mwenyewe kwenye upotofu wa hukumu. Kwa kufanya hivyo alimrudishia shahidi kazi aliyonyang'anywa na hakimu. Na wimbo ulidumu bila ya kuhitaji kupendwa na jaji. Waliouhukumu ni wale walioimbiwa, na hukumu yao ilikuwa ni kuuimba tena. Hilo ndilo sikio linalokosekana katika kadhia ya mwaka 2017. Kila mtu aliuliza Rais ameusikiaje wimbo. Wachache waliuliza wao wenyewe wameusikiaje.

Kwa upande wa sheria, mambo yako wazi kuliko yalivyo barabarani. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inazungumzia uhuru wa maoni, na kwa sadfa nzuri ibara ya 18 ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inazungumzia jambo hilo hilo. Mtu akikariri nambari moja amekariri mbili. Lakini chini ya paa la ibara hizo mbili yametendeka mengi. Gazeti la Dira, lililoanzishwa hapa Unguja mwaka 2002 na kuhaririwa na Ali Nabwa, lilifungiwa Novemba 2003, na uraia wa mhariri wake ukatiwa shakani. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu alipe shilingi laki moja za maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka, kabla ya kuwaambia watu anachofikiri. Kwa mvuvi wa Nungwi au mwalimu wa Wete mwenye jambo la kusema, bei hiyo ilikuwa ni jibu tosha. Maoni ya kawaida yalikuwa yamepandishwa daraja, yakawa bidhaa ya wenye uwezo.

Ndipo linapodhihiri kosa la wanaoshukuru. Wameichanganya hisani na haki. Zote mbili humfungua mfungwa, na siku ya kufunguliwa hazitofautiani: mlango ni ule ule, jua ni lile lile, na mama hulia machozi yale yale. Tofauti huonekana baadaye. Aliyefunguliwa kwa haki hurudi nyumbani akiwa na kitu ambacho jirani yake naye anacho, hata kama jirani huyo hana sauti nzuri na wimbo wake haumpendezi mtu. Aliyefunguliwa kwa hisani hurudi na deni. Wengine wote hubaki pale pale walipokuwa, wakijiuliza namna ya kutunga kitu ambacho mkubwa atakipenda.

Na swali hilo ndilo linaloua ushairi, polepole na bila ya damu. Mshairi hukata ubeti kabla hajaambiwa. Kisha hukata wazo kabla halijawa ubeti. Mwishowe huona kwamba amekuwa mstadi sana wa maua, mawimbi na nyuso za wapenzi, na watu humsifu kwa lugha yake laini. Hapana aliyemkataza lolote. Baraza la Sanaa halina faili lake, na polisi hawalijui jina lake. Tungo zilizokatazwa zinaweza kuhesabiwa. Zile ambazo hazikutungwa hazina orodha, na wimbo unaoitwa "Wapo" haungeweza kuzitaja, kwa kuwa hazipo.

Uhakiki una sehemu yake katika haya. Kila mara utungo wenye ujasiri unapotokea, maswali ya kwanza yanayoulizwa na magazeti na redio ni ya mlangoni kwa mkubwa: umemuudhi nani, umeruhusiwa, mtungaji yuko salama? Hayo ni maswali ya lazima na ya kibinadamu. Lakini uhakiki ukikoma hapo, umekuwa mlinzi mwingine wa Liyongo, mwenye masikio na asiyesikia. Yabaki yaulizwe yale ya kazi yenyewe. Je, "Wapo" ni wimbo mzuri? Orodha yake ina mpango? Swali lake kubwa limepewa nafasi ya kutosha, au limezamishwa katika kelele? Kuuhukumu wimbo kwa ukali wa haki, hata kuuona una kasoro, ni kumheshimu mtungaji kuliko kumwombea msamaha. Mtunzi mwenye kasoro ana haki ya kuwa huru sawasawa na mtunzi bora. Pengine yeye ndiye kipimo, kwa sababu uhuru wa watunzi bora peke yao ungehitaji mtu wa kuamua nani ni bora, na mtu huyo tayari amekwisha onekana.

Rais Magufuli alifariki dunia Machi 2021. Mwaka 2023 Ney wa Mitego alitoa wimbo mwingine, "Amkeni", na BASATA ikamwita akajieleze. Safari hii hakutokea wa kusema kwamba ameupenda. Msanii alikuwa ni yule yule, ofisi ni ile ile, na ibara ya 18 haikuwa imehama mahali pake katika katiba. Kilichokosekana ni sikio moja lililopendezwa siku moja ya Machi. Haki hurithiwa na watoto. Hisani huzikwa pamoja na aliyeitoa.